Mzee Ngatia Hayupo Tena

Jumatatu, 3 Machi 2025

Leo vita vimetangazwa. Madam Peris, mkuu wa chuo chetu hapa Nyeri, ametuita ofisini ghafla. Amesema wanafunzi wa programu za kompyuta wanasoma ukurasa mmoja, wanasinzia, na wakiamka wamesahau hata huo mmoja. Kwa hiyo Ijumaa atapita darasani awaulize wanakumbuka nini. Kitabu kitakachokumbukwa ndicho kitakachotumika, na aliyekiandika ndiye atakayebaki na darasa. Mwingine atarudi kufundisha taipu.

Walioandika vitabu ni wawili. Mimi, na Kathurima.

Kathurima! Mtu anayepiga pasi leso! Kitabu chake kina jalada la kijivu na mifano ya x na y. Hakuna binadamu aliyefika ukurasa wa saba akiwa macho. Changu pia kina x na y, sikatai. Lakini zangu nimezipaka rangi.

Wazo limenijia kantini. Nilimuuliza Wakiuru, mpishi wetu, kama anajua x ni nini. Akasema labda ni kosa kwenye mtihani. Nikamuuliza ni nani aliyeachwa na bwana yake mwezi uliopita kule Kamakwa. Akanipa jina, sababu, na rangi ya sanduku alilotoka nalo. Basi nikajua. Watu hawakumbuki x. Watu wanakumbuka watu! Nafuta x zote.

Jumanne, 4 Machi

Sura ya kwanza imekamilika. Najishangaa mwenyewe.

Inaeleza kisanduku chenye jina, kile wenye kompyuta wanachokiita variable. Walimu wote huhangaika hapa. Kisanduku kimoja hubeba kitu kimoja tu. Ukitia kipya, cha zamani kinafutika. Utalieleza hilo vipi lishike kichwani?

Hapa ndipo nilipotumia akili. Mwai, mtoto wa Madam Peris, amepata mvulana wake wa kwanza. Kwa desturi amepewa jina la babu yake, mzee Ngatia, yaani mume wa Madam mwenyewe. Madam anamwonyesha kila mtu picha ya huyo mtoto, hata aliyekuja kusoma mita ya maji. Nikaandika hivi: Ngatia ni mzee anayefuga ng'ombe. Kisha Ngatia ni mtoto mchanga. Je, sasa kwenye kisanduku cha Ngatia yuko nani? Mtoto. Mzee Ngatia hayupo tena. Nafasi yake imechukuliwa na mjukuu.

Somo limeeleweka na mkubwa amepakwa mafuta, kwa kalamu moja. Kathurima ataziweza taipu. Ana vidole vyembamba.

Jumatano, 5 Machi

Ushindi! Nimegawa fotokopi. Darasa zima lilikuwa macho. Miriti, ambaye tangu Januari hajafungua mdomo ila kupiga miayo, amecheka. Shiku akapiga picha ukurasa autume kwenye WhatsApp ili na wengine wafaidike. Ukurasa haukuenea wote, akachukua ule mstari mmoja tu: Mzee Ngatia hayupo tena.

Nimemwambia asante. Hivyo ndivyo elimu inavyosambaa.

Alhamisi, 6 Machi

Imesambaa.

Kufikia asubuhi palikuwa na grupu iitwayo Safari ya Mwisho ya Mzee Ngatia. Jamaa wa Sagana walikuwa wamekodi hema. Wa Kangari walikuwa njiani na majani ya chai na sufuria kubwa. Mzee Ngatia mwenyewe aliingizwa kwenye grupu. Aliuliza ni nani amekufa. Hakuna aliyemjibu, walikuwa wanachagua mwenyekiti.

Wamemchagua Kathurima! Ati ndiye aliyefika wa kwanza. Na leso.

Kwaya ilimkuta mzee langoni na ndoo ya maziwa. Nasikia mama mmoja alizimia, na mzee akaambiwa asimame pembeni kwanza wamalize wimbo.

Madam Peris aliniita ofisini. Maua yalikuwa mpaka juu ya kabati. Aliniuliza kama yeye ni mjane. Nikamweleza habari za kisanduku. Akaniuliza tena, polepole. Nikaogopa kweli, siwezi kuficha. Niliiona mashine ya taipu mbele yangu. Nikaahidi kurekebisha kabla ya jioni.

Nimerekebisha. Mstari mmoja tu, mwisho wa ukurasa: Ngatia ni mzee tena. Mzee amerudi kwenye kisanduku chake! Nimeutuma ukurasa mzima kwenye grupu mimi mwenyewe, kisha nikala chapati mbili kwa raha.

Ijumaa, 7 Machi

Sikufikiria habari ya mtoto.

Kisanduku kimoja hubeba kitu kimoja. Mzee akirudi, mtoto anatoka. Mke wa Mwai ameusoma ukurasa asubuhi akiwa amempakata mwanawe. Inasemekana kilio kilisikika hadi barabarani. Hema lilikuwa halijakunjwa.

Madam aliingia darasani na ule ukurasa mkononi. Kumfuta mume wake alikuwa ameanza kusamehe. Mjukuu ni jambo lingine. Hakunitazama hata kidogo.

Aliwauliza wanafunzi wa Kathurima wanakumbuka nini. Mmoja alikumbuka kwamba kitabu ni cha kijivu. Kisha akawageukia wangu. Mikono yote juu! Murugi akasimama, akaeleza kwamba kisanduku hubeba kitu kimoja, kipya hufuta cha zamani, na ukitaka vyote viwili unavipa majina mawili. Miriti akaongeza kwamba ndiyo sababu alianza kufa mzee, halafu mtoto.

 Kathurima alitoa leso, akaikunja, akairudisha.

Madam akasema, kwa uchungu wa mtu anayeng'olewa jino, kwamba darasa ni langu. Nilitaka kulia kwa furaha. Lakini ametoa sharti. Nisimtie mtu yeyote wa Nyeri kitabuni, awe mzee, awe mchanga. Pia aliuliza kwa nini sikuandika Ngatia Mkubwa na Ngatia Mdogo, kama wanavyoitana pale nyumbani. Nikasema hiyo iko sura ya pili. Haiko. Nikaapa mbele ya darasa zima kwamba nimejifunza.

Jumapili, 9 Machi

Nimetoka kanisani na sura ya pili yote kichwani. Inahusu kufuta kitu kabisa. Na ahadi nimeitimiza neno kwa neno. Hakuna mtu hata mmoja!

Ng'ombe si mtu.

Nimemweka yule wa mzee Ngatia, mwenye pembe moja, kwa sababu kila mtu anamjua. Futa ng'ombe. Ng'ombe wa mzee Ngatia hayupo tena. Fupi, tamu, haisahauliki. Nimeituma kwenye ile grupu, maana bado ina watu wengi.

Mburu wa buchari amepiga simu tayari. Anauliza aje na pikapu saa ngapi, na kichwa kimeahidiwa nani. Nimemwambia asome sura yote kwanza. Sasa anapiga mzee Ngatia. Madam Peris naye amepiga mara nne mfululizo. Wote wanasoma, na ni Jumapili! Sijapokea bado, nataka kwanza kumalizia mfano wa kuku wake.

Nina hakika simu ya Kathurima imenyamaza tangu asubuhi. Maskini.