Samaki Wawili wa Mzee Tak na Chakula Chetu cha Jumapili

Kwa Mheshimiwa Mwenyekiti wa Presbiteri,

Nakusalimu kwa heshima zote, wewe na wajumbe wako. Jina langu ni Maeng Chun-sik, mpakiaji wa magunia katika ghala la vitunguu hapa Dolgogae. Kwetu ni Yanbian, upande wa China, ng'ambo ya Mto Tumen, na sijakanyaga huko siku nyingi. Shule niliiacha tulipofika kwenye hesabu za kugawanya, kwa hiyo utanisamehe nikikosea, hasa katika habari ya mikate mitano kwa watu elfu tano, ambayo ndiyo iliyonifanya nikuandikie.

Mheshimiwa, sitaki kumdanganya mtu wa Mungu. Mimi niliingia kanisani kwa sababu ya chakula. Wiki nzima nakula tambi za kumwagia maji moto, nimesimama, peke yangu, nikitazamana na magunia. Jumapili, baada ya ibada, tulikuwa tunashuka wote ukumbi wa chini, na Mama Seok, mke wa Mzee wa Kanisa Tak, anatupakulia wali na supu ya mwani. Haniulizi kama nimeshiba. Ananiongezea tu, huku akinisema: "Wewe mtoto wa watu, mbona umekonda kama kijiti cha kulia wali? Kwenu wakikuona watasema tulikuwa tunakulisha upepo!" Mimi nina miaka hamsini na kitu. Tangu mama yangu afariki, hakuna mwingine duniani anayenigombeza hivyo. Hiyo ndiyo dini niliyoanza nayo, na mahubiri nilikuwa nayavumilia vizuri kabisa.

Sasa chakula hicho hakipo tena, na sababu yake ni miujiza.

Mambo yalianza Mchungaji Pyo, kijana aliyeletwa kwetu mwaka huu kutoka Seoul, alipohubiri kwamba ile mikate haikuongezeka. Alisema watu walikuwa wameficha vyakula vyao ndani ya nguo, na walipomwona mmoja ametoa chake wakaona aibu, nao wakatoa. Mzee Tak akasimama katikati ya mahubiri, jambo ambalo kwetu halifanyiki labda kanisa liwe linawaka moto.

"Kwa hiyo, Mchungaji, Bwana wetu alikuwa kiongozi wa pikiniki?"

"Mzee wangu," Mchungaji akajibu kwa upole, "kumfanya bahili afungue mfuko wake, huo si muujiza mkubwa zaidi?"

Kanisa zima likamgeukia Mzee Tak, kisha likacheka. Hapo ndipo tulipoharibikiwa. Wapo sasa wanaosema kila muujiza usomwe vilevile ulivyoandikwa, na wapo wanaosema utafutwe undani wake. Naomba niorodheshe madhara niliyoyapata kutoka pande zote mbili.

1. Jumapili ya kwanza jiko lilishikwa na watu wa Mzee Tak. Walipika vibakuli vitano vya wali na kukaanga vibua wawili, kwa kanisa zima. Mzee akaomba. Akaomba mpaka mafuta yakaganda kwenye sahani. Mimi nilifungua jicho moja kuwaangalia wale samaki. Walikuwa wawili. Nikafumba, nikafungua tena: wawili, na paka alikuwa ameanza kusogea. Mzee akatangaza kwamba muujiza umezuiwa na mtu aliyekuwa na jicho wazi. Nilipata mkia mmoja na lawama zote.

2. Jumapili iliyofuata ilikuwa zamu ya watu wa Mchungaji, nao hawakupika kabisa. Kila mtu alikuja na chakula chake amekificha kwenye koti au mkobani, tukakaa kusubiri mioyo iguswe. Mheshimiwa, unatujua tulivyo. Nani aanze? Anayeanza ataonekana anajionyesha, na anayefuata ataonekana ameaibishwa. Tukaibiana macho, huku ukumbi mzima unanukia mafuta ya ufuta na mkoba wa mama mmoja unadondosha maji ya kimchi, ile kabichi yetu ya pilipili. Mwishowe kila mtu akaaga kwa adabu, akaondoka na chakula chake. Mimi, ambaye sikuwa nimeficha kitu, ndiye pekee niliyekuwa tayari kuguswa. Nje nilimkuta Shemasi Ban ameinama nyuma ya usukani wa gari lake, mashavu yamejaa. "Ndugu Maeng," aliniambia kwa taabu, "nilikuwa karibu kabisa kutoa."

3. Ubishi ukanifuata kazini, maana ghala ni la Mzee Tak. Jioni moja nilitupia jicho saa ya ukutani, naye akaniona. "Unatazama nini, Maeng? Yoshua aliliambia jua lisimame, likasimama! Pakia." Nikaenda kumlilia Mchungaji Pyo. Akaniambia nisihangaike, habari ya lile jua ni ushairi. Nikarudi nikamwambia tajiri wangu, kwa heshima, kwamba jua ni ushairi. Akanitazama sana. "Basi hata mshahara wako wa mwezi huu ni ushairi." Tangu hapo sitaki tena kusikia undani wa jambo lolote.

4. Hili ni zito. Ili kuthibitisha kwamba Samsoni aliyabeba kweli malango ya mji, Mzee Tak alinyanyua magunia mawili ya vitunguu kwa mkupuo, mbele ya Shemasi Ban. Magunia yalipanda. Mgongo ukagoma kurudi. Ndipo watu wake wakamkumbuka yule aliyepooza, aliyeshushwa na wenzake kupitia paani, wakaamua Mzee naye ashushwe. Mchungaji akasema paa ni mfano wa vizuizi vya mioyoni. Mimi nikasema, basi tuvunje vya mioyoni tuyaache mabati, kwa sababu mvua inakuja na mtu wa kupandishwa ngazi najua ni nani. Sikusikilizwa. Nikang'oa mabati matatu, na kanisa letu halina dari. Tukamfunga Mzee kwenye wavu wa kupakilia vitunguu, tukamshusha, lakini hakuna aliyekuwa amepima kamba. Akaishia kuning'inia hewani, soksi zake zikikaribia kugusa kichwa cha Mchungaji.

"Mzee, shuka kwa imani!" Mchungaji akamwambia.

"Nishushe wewe kwa undani!"

Mvua ikaanza. Kamba ikatuponyoka mikononi, Mzee akatua kwa makalio, mgongo ukalia kama kuni kavu, na akasimama wima kama askari. Amepona, jambo ambalo limeua kabisa matumaini ya amani. Hawa wanasema ni muujiza, wale wanasema ni pingili zimerudi mahali pake. Walibishana mpaka giza likaingia, wamelowa chapachapa, na chakula hakikukumbukwa na mtu.

5. La mwisho ndilo linaloniuma. Ujue kwamba ile Jumapili ya kwanza Mama Seok alikatazwa na mumewe kuzidisha vibakuli vitano, ili imani ijaribiwe, na ya pili akaombwa na Mchungaji asipike kabisa, ili mioyo ijaribiwe. Alivua aproni akaitundika msumarini. Akawaambia wote wawili: "Miaka yote nimewapikia watu themanini, hakuna hata mmoja aliyeniuliza ule wali umetoka wapi. Leo mnauliza wa Galilaya!" Sasa hashuki tena ukumbini. Baraka zikitolewa, anachukua viatu vyake na kwenda nyumbani. Juzi alinipita mlangoni bila kunisema neno. Mheshimiwa, suruali zinanivuka, na hakuna wa kuniambia nimekonda.

Kwa sababu hizo naomba Presbiteri iamue haraka kama miujiza isomwe ilivyo au isisomwe ilivyo. Upande wowote utanifaa. Mkiona ni vigumu, napendekeza miujiza ya chakula isomwe baada ya kula, ya paa isomwe wakati usio wa mvua, na ya jua isisomwe mbele ya waajiri. Kama hilo nalo haliwezekani, kurasa za mikate zigandishwe kwa gundi mpaka wali uive. Na kama hiyo ni kufuru, basi mtutumie mjumbe mwenye uwezo wa kuzidisha samaki. Aje na kitambulisho, nasi tutamjaribu kwanza kwa dagaa.

Nisalimie wajumbe wote, wake zao na watoto wao, na zaidi ya wote anayewapikia huko ofisini.

Wako katika njaa na tumaini,

Maeng Chun-sik
Ghala la vitunguu, Dolgogae

Nyongeza: Tafadhali msiamue chochote. Barua ningeichana, lakini stempu nimeshanunua. Ni kwamba kabla sijaituma Jumapili ilifika, na habari kwamba nakuandikia zilikuwa zimevuja. Kila upande ukataka kunionyesha kwamba haki ni yake. Watu wa Mzee Tak walipika chakula cha kubakiza vikapu kumi na viwili, kwa kuwa imeandikwa makombo yalibaki, na makombo hayabaki pasipo chakula. Watu wa Mchungaji walianza kuchomoa vitu makotini kabla ya amina, wakigombania nani aone aibu kwanza. Shemasi Ban alichomoa kuku mzima. Wapishi walikuwa wanaume, kwa hiyo wali uliungua na supu ilikuwa chumvi tupu. Mama Seok alivutwa chini na harufu ya kuungua, akakaa meza yangu, na Mzee Tak akamletea bakuli la supu kwa mikono yake miwili, kwa mara ya kwanza tangu amwoe. Pande zote zimekubaliana kwamba huo ni muujiza, na kwamba ulitokea vilevile ulivyoonekana. Mama Seok akaonja, akakunja uso, akalisukuma bakuli kwangu: "Kunywa wewe, mimi figo zangu bado nazihitaji." Nilikunywa lote.

Kwa hiyo shauri hili liahirisheni, lipelekeni kamati, mkiweza lipotezeni kabisa. Jumapili ijayo Mchungaji ametangaza harusi ya Kana, pale maji yalipogeuka divai. Kanisa letu halionji pombe, lakini nasikia kila upande umeshaanza kutafuta ushahidi. Mimi nimeshaosha bakuli.