Maputo Mawili, Mpira Mmoja

Jumatatu, 4 Agosti

Mgongo wote unauma. Tumemwaga zege la sakafu ya tangi tangu asubuhi, na koleo lilikuwa langu. Lakini kuna habari! Ijumaa Msimamizi anasafiri, na njia yake inapita nyumbani kwetu. Nyuma ya gari vitajaa vyuma vya kazi. Mbele kuna kiti kimoja. Wanaokitaka ni wawili: mimi na Shemeji, mume wa dada yangu, ninayelala naye chumba kimoja hapa kambini na anayekoroma kama mashine ya kuchanganya zege.

Shemeji alikwenda kwao wakati wa mvua. Mimi sijakanyaga kwangu tangu binti yangu akiwa mchanga wa kubebwa. Sasa anatembea, anaongea. Mke wangu anasema mtoto anaamini simu ndiyo baba yake. Anaibusu, anaifunika shuka. Chaji ikiisha anawakemea wageni wasipige kelele, baba amelala. Majirani wanacheka. Mimi sicheki sana.

Gari la Msimamizi ni la zamani, la kupanda milima, lingekuwa mtu lingekuwa na vitukuu. Ukilipakia mzigo linakaa chini nyuma kama mbwa anayengoja mfupa. Ameagiza maputo mawili ya mpira, ya kuingiza ndani ya springi za nyuma. Unayajaza upepo, yanazisaidia springi kusimama. Boksi limelala stoo kwa sababu fundi wa mjini amesafiri. Leo Msimamizi ameuliza nani anaweza kuyafunga. Atakayeweza, kiti kitakuwa chake. Mkono wangu ulikuwa juu kabla kichwa hakijaulizwa.

Shemeji akaniuliza, mbele za watu wote, ufundi wa magari nimejifunza lini. Nikamjibu kila mtu ana ya moyoni.

Jumanne, 5 Agosti

Ndani ya boksi: maputo mawili, mipira miwili myembamba ya kupitisha upepo, pampu ya mguu, na karatasi ya maelezo kwa lugha ya kigeni. Shule niliiacha kabla haijafika kwenye lugha ile. Lakini picha nazisoma.

Nikapiga jeki. Magurudumu yakaning'inia, springi zikanyooka. Puto unalikamua upepo wote, unalikunja kama mkeka, unalipaka sabuni, unalisukuma kati ya mizunguko ya springi. La kwanza lilinichuna vidole vyote. La pili liliingia kimya kimya kama mgeni mwenye njaa. Karibu nilie kwa furaha.

Ikabaki mipira. Picha inaonyesha kila puto na mpira wake. Hapo akili ikaamka. Sisi wajenzi tunapimaje usawa wa ukuta? Mpira mmoja, maji ndani, mtu huku na mtu kule. Maji yanalingana pande zote mbili. Hayajawahi kumdanganya mtu. Basi maputo yakiunganishwa kwa mpira mmoja, upepo nao utalingana, na gari halitainama upande kamwe! Kwani upepo ni nini? Ni maji yaliyokauka.

Nikaokota kiungo cha njia tatu stoo. Mpira mmoja nikaukata vipande, nikaunganisha kila kitu pamoja. Nikaupitisha juu ya bomba la moshi na kuufunga kwa waya. Bomba limenyooka vizuri, kama limewekwa kwa ajili yangu.

Shemeji akachungulia chini ya gari. Akasema, haya shemeji, waliochora ile picha si wajinga. Nikamwambia waliochora ile picha hawajawahi kujenga hata banda la kuku. Mpira wa pili nimeutundika uwani, wa kuanikia nguo.

Jumatano, 6 Agosti

Ushindi! Tumepakia vyuma, nikakanyaga pampu, na gari likainuka polepole kama mzee anayeinuka kumpisha mkwewe. Nikazidisha kidogo. Nyuma ikawa juu, pua chini, kama kondoo anayekunywa maji. Msimamizi akaniambia nipunguze, kwa kuwa taa zitamulika matairi ya gari lenyewe. Nikapunguza. Likakaa sawa kabisa. Msimamizi akapapasa paa, akanigeukia, akasema kumbe na mimi ni mtu!

Kiti ni changu. Nimempigia mke wangu. Akamwekea mtoto simu sikioni, amwambie kwamba baba anakuja. Mtoto akauliza anakuja wapi, na yuko hapa hapa mkononi.

Alhamisi, 7 Agosti

Msimamizi amesema nibebe mfuko mmoja tu. Lakini nina kitanda. Nimekiunda mwenyewe kwa mbao zilizobaki za kumwagia zege, miguu yake minene kama nguzo. Sasa, kitanda kikifunguliwa si kitanda. Ni mbao. Nimezilaza chini ya vyuma, nikatupa turubai juu. Gari likashuka kidogo. Nikaongeza upepo. Likapanda. Jamani, hewa inabeba bure na haiombi mapumziko!

Jioni Shemeji akaja kwa upole. Ana kichwa cha cherehani anataka kumpelekea dada yangu, nimsaidie. Nikamwambia samahani, gari lina kiwango chake, sisi mafundi hatuchezi na uzito. Akanitazama mimi, akatazama turubai. Akasema basi, wasalimie. Baadaye nimemwona akinong'ona na dereva wa lori la vitunguu. Wanyonge wana mambo.

Ijumaa, 8 Agosti

Kwenye njia iliyonyooka, raha tupu. Msimamizi anaimba. Mimi nimetoa kiwiko dirishani kama mwenye mali.

Kisha kona ya kwanza. Gari likainama kushoto, likaendelea kuinama. Upepo wa puto lililobanwa ulikimbilia kwa mwenzake. Badala ya kusaidiana, yalikuwa yakisukumiana kazi kama sisi mkubwa asipokuwepo! Msimamizi akaacha kuimba. Akauliza ni nini hicho. Nikamwambia ni gari linaisalimia kona. Kona ya pili nikagonga kioo kwa kichwa. Kona ya tatu Msimamizi aliendesha akiwa amenikalia paja.

Ikaja harufu ya mpira kuungua. Nikasema kuna mtu anachoma takataka shambani. Hapakuwa na shamba. Halafu: pssss! Bomba la moshi limeutoboa mpira wangu. Gari likaketi nyuma yote kwa pamoja. Nikamwonyesha Msimamizi kwamba, kwa haki, limeshuka sawasawa pande zote, kama nilivyoahidi.

Hakupenda.

Akafungua turubai ili apunguze mzigo. Akaviona vyuma. Akaziona mbao. Akaniuliza hizi ni nini. Nikasema ni mbao. Akauliza kwa nini mbao zina mito. Nilisahau mito.

Akaniamuru niyatoe maputo yote mawili, akayatupa miguuni pangu pamoja na pampu, akaniambia nibaki na uganga wangu. Kitanda kikashuka, mimi nikashuka. Gari likaondoka taratibu, limekaa, lakini linakwenda.

Nikakiunga kitanda changu kando ya barabara, nikakaa juu yake. Mama mmoja mpita njia akauliza kama kinauzwa. Nikafikiria nyumbani, na mtoto aliyeahidiwa kwamba baba anakuja. Nikamwambia hakiuzwi.

Alasiri likaja lori la vitunguu. Juu kabisa, cherehani mapajani kama mtoto: Shemeji! Akanitazama. Akatazama kitanda, maputo, pampu. Akacheka mpaka dereva akazima injini ili amsikie vizuri. Halafu akashuka, akashika ule upande mzito wa kitanda, akasema panda, fundi. Jambo hili naliandika mara moja tu.

Jumamosi, 9 Agosti

Nimefika, nanuka vitunguu. Mke wangu ameninusa, amecheka, amenikumbatia hivyo hivyo. Mtoto amekimbilia chini ya meza. Nikamwita kwa sauti yangu tamu kabisa. Akalia. Mke wangu akamwambia huyu ndiye baba. Mtoto akakataa katakata, akainua simu kuonyesha ushahidi.

Nikatoka nje, nikasimama nyuma ya ukuta, nikapiga. Akapokea! Akanieleza habari zote: paka, kikombe kilichovunjika, na mtu mbaya aliyeingia ndani. Nikamuuliza mtu huyo yukoje. Akasema ananuka.

Jumapili, 10 Agosti

Dada yangu na Shemeji wamekuja kunisalimu. Shemeji amechukua vikombe viwili mezani na kumweleza mke wangu jinsi kila puto lilivyohitaji mpira wake. Anaeleza, mke wangu anatikisa kichwa, dada anafurahi. Sikuvumilia. Kosa halikuwa mpira mmoja. Kosa lilikuwa upepo kidogo na kona nyingi! Nikaleta puto moja kuwaonyesha uzima wake, nikachomeka pampu, nikakanyaga.

Fuuu, ikasema pampu. Chini ya meza kukatokea jicho. Fuuu. Kukatokea pua. Puto likaanza kunenepa. Mtoto akatoka, akaliwekea kiganja, akacheka. Simu ikalia mezani. Hakugeuka! Akanitazama mimi, usoni, kwa muda mrefu, kama mtu anayepima ukuta. Akasema, tena.

Mke wangu ameugeukia ukuta, anajifuta macho.

Shemeji anasema puto likiwa nje ya springi halina kinachoushika upepo, kwa hiyo nisizidishe. Wivu! Naandika kwa mkono, mguu uko kwenye pampu. Puto sasa ni kubwa kuliko mtoto. Limeanza kulia kidogo, kama mlango wa zamani. Hiyo ni kawaida. Shemeji amewatoa wote nje, mwoga yule. Wamejipanga mbali, ng'ambo ya uwa, mtoto yuko begani kwa mama yake. Ananyoosha kidole.

Tena, baba, anasema.

Amesema baba! Naongeza.