Malalamiko Kuhusu Pipi Zenu Zinazomlaza Bernice Saa Mbili

Pueblo, Jumatano, wiki ya pili ya pilipili

Kwa Ndugu Meneja, Duka la Bangi la Upepo Mwanana, lile la mkabala na kituo cha mafuta,

Salamu nyingi kwako na kwa wa nyumbani kwako kama unao. Mimi ni Ramona Archuleta, kazi yangu kukunja mashuka pale moteli, naishi namba kumi na moja kwenye zile nyumba za magurudumu ambazo hazijawahi kwenda popote. Shule niliishia darasa la tisa, kwa hiyo mwandiko utanisamehe. Na kwanza ujue sina ugomvi na bangi. Baba yangu mdogo aliivuta tangu enzi zile mtu anafungwa kwa msokoto mmoja, na alikuwa mcheshi kuliko padri. Waliovuta walikaa barazani wakaongea. Ugomvi wangu ni na hizi za kula, hizi pipi zenu za jioni. Nayaweka kwa namba usije ukasema hukuelewa.

1. Jirani yangu namba kumi na mbili anaitwa Bernice Zupan. Miaka kumi na tisa, kila jioni, mimi na yeye barazani kwangu, yeye na kahawa yake, mimi na habari zangu. Hata mumewe Emil alipofariki, mwaka juzi, hatukuacha. Siku ya tatu tu baada ya mazishi nilikuwa nimeshamwekea kiti, namsimulia nani alikuja na nani hakuja. Sasa tangu mwezi wa sita anatembea na pakiti yenu ya bluu, ile yenye picha ya mwezi. Niko katikati ya habari, na habari yenyewe tamu, yeye anainuka: "Shoga, pipi yangu imeshaanza kupanda, ngoja nikalale." Mlango, komeo, taa kwisha. Saa mbili, Ndugu Meneja! Mwezi wa sita saa mbili jua letu halijazama. Hata kuku wanamshangaa.

2. Nikaja dukani kwenu nijionee kinachonichukulia mtu wangu. Nikaombwa kitambulisho kuhakikisha nimefika miaka ishirini na moja, nikafurahi, hilo silalamikii. Lakini ndani nikamkuta nani? Mwalimu Vigil! Mwalimu wangu wa hesabu, amestaafu, sasa anauza bangi na miwani ileile. Akaniuliza, "Haya Ramona, unatafuta kutulia au unatafuta kulala?" Nikamjibu namtafuta Bernice. Akanipanga vitu mezani kama mtihani: pipi ya tikiti maji, ya pichi, chokoleti, biskuti, chai, hii miligramu tano, hii kumi, hii ya kulegeza miguu, hii ya kuzima kichwa. Mtu amechoka na mashuka mia mbili, unampa maswali! Mwisho akasema nikate ya kumi vipande vinne, nile robo, nisubiri saa mbili nzima. Mwalimu huyu ndiye aliyenifelisha hesabu za sehemu. Leo anataka nilale kwa sehemu.

3. Hasara si ya Bernice peke yake, ni ya mtaa mzima. Zamani ukikaa kwangu jioni ulikuwa huhitaji redio. Namba tisa, Gilbert na mkewe, walikuwa wanagombana Jumanne na Ijumaa bila kukosa. Siku hizi wanagawana chokoleti yenu, nusu kwa nusu, wanalala kama wachumba. Mzee wa namba nne, yule aliyekuwa akizungukazunguka nje kwa kukosa usingizi na kuniletea taarifa za nani karudi saa ngapi, naye analala. Wiki tatu sina habari hata moja. Pale kazini wenzangu wananiuliza, "Vipi Ramona, lete mambo," nawaambia hali ya hewa.

4. Nikasema nisiwe mtu wa kusingizia, nijaribu mwenyewe. Nikanunua ya tikiti maji. Nikala robo, ilikuwa saa moja jioni. Nusu saa ikapita, kimya. Nikasema Mwalimu ameniuzia pipi ya watoto, nikala robo nyingine. Kimya. Nikaona hizi sehemu ni uonevu, nikamalizia yote, na nyingine nikala nzima kwa hasira. Ndugu Meneja, zilikuja zote pamoja kama wageni wa arusi. Nikatulia kwenye kochi, naangalia pazia, nikaliona ni zuri mno. Ndiyo habari ya mwisho ninayokumbuka. Nililala kwa muda wa saa kumi na nne. Na usiku huohuo, kati ya siku zote za mwaka huu, Gilbert akala chokoleti yake pamoja na nusu ya mkewe! Mke akamtupia nguo nje, televisheni ikafuata, polisi wakaja magari mawili. Nyumba ya pili kutoka kwangu! Mimi nimehadithiwa asubuhi na Connie, ambaye hata haishi kwetu, anakujaga kufua. "Kwani wewe hukuwepo?" ananiuliza, na meno yote nje. Aibu ile siwezi kuisema ikaisha.

5. Hili ndilo kubwa. Kila mwaka mwezi wa tisa mimi na Bernice tunanunua gunia la pilipili za kijani, tunapeleka kuchomwa kwenye pipa la kuzungusha juu ya moto, halafu jioni tatu tunakaa kumenya maganda na kuzifunga mifukoni, akiba ya mwaka mzima. Mimi namenya na kuongea, yeye anamenya. Mwaka huu gunia lipo barazani, bichi, siku ya tisa. Nikimwambia tukalichome anasema, "Jioni siwezi, Ramona, pipi." Zimeshaanza kuwa nyekundu. Zikiiva zote hakuna pilipili ya kijani namba kumi na moja wala kumi na mbili mpaka mwakani, na mimi sijui kumenya peke yangu. Nitamwambia nani?

Kwa hiyo naomba, kwa heshima, mambo machache tu. Msimuuzie Bernice mpaka gunia liishe. Kwenye pakiti muandike kwa herufi kubwa, "Kabla ya kula, hakikisha jirani yako amemaliza kuongea." Na kama wataalamu wenu wameweza kutengeneza pipi ya kulala, watengeneze na ya kukaa macho kusikiliza. Mimi nitaisifia bure mtaani.

Msalimie Mwalimu Vigil, mwambie robo zake nimezielewa sasa. Wasalimie na wanaofungasha, na yule dada wa mlangoni aliyeniuliza umri.

Ni mimi mteja wenu kwa bahati mbaya,
Ramona Archuleta

N.B. Barua nilikuwa nimeshaifunga, nimeifungua tena. Jana nilikwenda kwa Bernice kuazima kisu, nikavuta droo, nikaiona pakiti ya bluu. Muhuri haujakatwa. Tangu mwezi wa sita hajala hata moja! Alikuwa anazima taa anakaa gizani. Nikamuuliza, shoga, mimi nimekukosea nini? Akasema taratibu, "Ramona, unaongea kuanzia saa kumi na mbili mpaka saa nne, na tangu Emil afe hujaniuliza hata siku moja nalalaje." Basi leo tumelichoma gunia, jioni tumeanza kumenya, nikauliza hilo moja tu, nikanyamaza. Kumbe Bernice anaongea! Habari za Emil ambazo mimi, Ramona, sikuwahi kuzisikia. Kwa hiyo malalamiko yote yafute, isipokuwa la Connie. Lakini gunia bado robo tatu, na kwenye habari ya kwanza tu nilimkatiza mara nne. Muulize Mwalimu kama mna pipi ya kunyamazisha mdomo bila kufunga masikio. Aniwekee pakiti, nitapita kesho kabla ya saa kumi na mbili.