Utapanda, Utashuka

Alhamisi, 1 Januari

Mke wangu amekufa. Leo siku ya kumi na tisa. Homa siku nne, basi.

Kanisani leo wametoa kadi za neno la mwaka. Kila mtu anatia mkono kikapuni bila kuchungulia, anatoa kadi yake. Mstari mmoja wa Biblia, wa kumbeba mpaka Desemba. Kwa miaka kumi na moja kadi yangu alinisomea mke wangu. Herufi za kadi ndogo kama mayai ya chawa, na macho yangu yameliwa na saruji. Kila mwaka Mungu aliniambia lilelile: utapanda, utashuka, utakula kwako. Mimi kibarua wa ujenzi. Nabeba karai la zege mpaka ghorofa ya nne, juu ya mbao zinazocheza. Sikuwahi kuogopa. Nilikuwa na neno.

Tangu mazishi sijapanda. Nilijaribu siku moja. Kipandio cha tatu, nikarudi chini. Msimamizi kasema nisipoonekana Jumatano nafasi yangu ina mtu.

Kikapu kashika shemeji, mdogo wa marehemu. Nikatoa kadi, nikamwomba anisomee. Akasitasita. Mstari wa kuwaambia waume wawapende wake zao.

Siku kumi na tisa!

Nikamwambia anibadilishie. Akasema neno la Mungu si shati, halirudishwi dukani.

Jumamosi, 3 Januari

Mpango umeiva. Kinyozi, jirani yangu, kapata kadi ya kutamba nayo. Kaibandika kwenye kona ya kioo chake. Ukimuuliza inasema nini, anasema ni neno zito, wewe hutaliweza. Neno zito la nini kwake? Kitu kirefu alichowahi kupanda ni kile kiti cha wateja.

Nikaenda kunyoa. Alipotoka kuchota maji nikabandua yake, nikabandika yangu. Nikarudi kitini haraka, utadhani nimeiba kuku. Akarudi, akaendelea kunyoa. Kila akiinua macho kiooni, moyo pa! Nikashindwa kuvumilia. Nikasema nimekumbuka nimeacha jiko linawaka. Nikatoka mbio.

Nusu kichwa kimenyolewa. Nusu bado.

Jumapili, 4 Januari

Kanisani na kofia. Shemeji kaninong'oneza niivue, nina adabu gani mimi. Nikaivua. Watoto wakaangua kicheko. Mchungaji akadhani ndivyo ninavyoomboleza. Akaninyooshea mikono, akaniombea mbele ya watu wote, wanawake wakalia.

Nikaona haya. Nikaivaa kofia tena.

Jumatatu, 5 Januari

Kinyozi hana habari, lake alishalikariri, haliangalii tena. Mkewe ndiye aliyeona. Alikuja kumdai ufunguo, akasoma kadi, akadhani mumewe kaibandika kwa ajili yake. Tangu jana anamletea chai kazini. Nimepita wamekaa kwenye benchi, wawili, kikombe kimoja. Kinyozi anacheka kama kapigwa na jua, hajui kafanya jema gani.

Nikaongeza mwendo.

Mimi chai niliikuta mezani kila asubuhi, kabla sijavaa buti. Nakunywa, nachukua koleo, naondoka. Sikumbuki kama niliwahi kusema asante.

Jumanne, 6 Januari

Nimepekua kopo la vifungo la marehemu. Kadi zangu zimo, zote kumi na moja, kazifunga kwa uzi. Nikampelekea shemeji, na ile ya kinyozi chini yake. Sikumwambia nimeitoa wapi.

Akasoma moja moja. Subira. Sadaka. Kuchunga ulimi. Hakuna kupanda. Hakuna kushuka. Nikamwambia arudie, atafute panaposema utapanda, utashuka, utakula kwako. Akarudia.

"Shemeji," akasema, "hayo maneno hayamo. Yalikuwa ya dada."

Nikakasirika. Nikasema dada yako alinidanganya, nimetembea hewani miaka kumi na moja bila chochote. Akaniacha nipayuke. Kisha akaniambia kila Januari dada yake alifunga siku tatu, ili mumewe apande na ashuke. Mimi nilidhani hana hamu ya kula.

Nikakaa chini sakafuni. Nililia vibaya.

Ikabaki kadi moja. Shemeji akaiokota, akaitazama muda mrefu. Akanitazama mimi, upande wenye nywele na upande usio nazo.

"Utapanda," akasoma taratibu. "Utashuka. Utakula kwako."

Kumbe! Neno langu alikuwa nalo kinyozi. Nilijua tu kikapu kimekosea njia. Shemeji kajifuta macho kwa khanga, kadi kanirudishia kaikunja mara mbili. Kasema nisimpe mtu mwingine aisome.

Mwakani nitawahi kikapu kabla ya kinyozi.

Kadi nimeitia ndani ya kofia. Chai nimejifunza kuchemsha. Kesho narudi kazini.