Kibao cha Babu

Jumatatu, 3 Machi
Shangazi katangaza leo: atakayemwonyesha kaburi la baba yake, yaani babu yetu, ndiye atakayeachiwa nyumba. Alipozikwa, Shangazi alikuwa mtoto mdogo, hakuna aliyemwonyesha. Mimi nalala chumba cha uani kinachovuja. Lakini makaburi! Nayaogopa mpaka miguu inakufa ganzi. Na binamu yangu, yule Miwani, tayari alikuwa anachonga penseli.

Jumanne, 4 Machi
Ofisi ya makaburi. Nimetoka jasho kabla ya kukaa. Karani akanifungulia daftari la maziko: babu, safu ya saba, namba kumi na mbili. Akaongeza kwamba Miwani alishanakili asubuhi, na Ijumaa anamleta Shangazi. Moyo paa!

Jumatano, 5 Machi
Mpango ninao. Safu ya saba ni nyasi tupu, makaburi yote yamesawazika, kuna vibao vya bati vyenye namba tu. Kumi na tatu hajazikwa mtu. Nikabadilisha vibao, cha kumi na mbili nikakiweka kumi na tatu, na cha kumi na tatu kwa babu. Miwani aangukie pua, halafu nitokee mimi na ukweli! Mara mtu akakohoa nyuma yangu. Sikugeuka. Nilitimua mbio, kiatu kimoja kikabaki.

Alhamisi, 6 Machi
Mungu wangu. Nimefuata kiatu, nikamsikia karani akimwagiza mchimba makaburi: kesho achimbe kumi na tatu, kuna maziko. Kumi na tatu sasa ni babu! Nikaenda kurudisha vibao, mchimbaji kakaa papo hapo ananoa jembe. Akaniuliza kama kuna kiatu nimepoteza. Nikakana, nikiwa nimevaa mwenzake.

Ijumaa, 7 Machi
Shangazi amepiga magoti penye ardhi tupu, analia. Hatua mbili kutoka hapo, jembe la mchimbaji liko juu. Nikajitupa kifudifudi kwenye nyasi, nikapiga kelele wasimchimbe babu. Mchimbaji akatoa kiatu mfukoni. Nikasema yote.

Shangazi hakunigombeza. Alikuja polepole, akakaa karibu yangu, akaweka kiganja juu ya udongo. Akasema miaka sitini amemtafuta baba yake, na mimi nilijua alipo nikamficha. Afadhali angenizaba kofi. Nililia kama mtoto.

Nyumba kapewa Miwani. Huruma yake imeniachia chumba cha uani.

Jumapili, 9 Machi
Nimetubu. Kwa dhati kabisa.

Shangazi sasa anataka kaburi la mama yake. Atakayelionyesha atapata kiwanja cha nyuma. Miwani kesho alfajiri yuko ofisini. Lakini vibao sitavigusa tena, naapa.

Nimenunua rangi nyeusi na brashi ndogo. Nitabadilisha namba tu.