Krapi Thelathini wa Bi Lurleen

Jumanne, 8 Julai

Nimeahidi. Mbele ya kanisa zima! Karamu ya samaki ni Jumamosi, na krapi wote thelathini, wale samaki bapa wa ziwa letu, nitawaleta mimi, kwa chambo cha bandia tu. Bi Lurleen, mjane anayetukaangia, aliinua macho kutoka kwenye unga wa mahindi. Macho yale! Akasema atakayeleta samaki ndiye atakayeketi naye. Harmon, kaka wa marehemu mke wangu, naye anamtamani. Akacheka. "Shemeji Virgil, wewe lete kabichi."

Jumatano, 9 Julai

Ukungu umelala ziwani, miti ya misipresi imesimama majini kama watu waliosahau walichofuata. Nilikokota nyuma ya boti visamaki vyangu vya plastiki, vile vyenye ulimi mbele unaovizamisha. Nikaachia mshipi mrefu, futi mia na hamsini. Samaki wa maana hukaa chini kabisa! Ziwa lenyewe lina kina cha futi sita. Nimevua matope, na kisiki nilichopigana nacho robo saa nikikiita kipenzi. Harmon akapita na boti yake. Ati krapi hutazama juu, chambo kimpite juu ya kichwa. "Fupisha mshipi, shemeji, huchimbi kisima." Hila tupu.

Alhamisi, 10 Julai

Nimefupisha mshipi. Si kwa sababu yake. Wakauma! Kila aliyeuma nilimvuta kwa nguvu zangu zote, na kila mara ndoana ilirudi na kipande cha mdomo. Wamenitoroka kumi na saba. Niliona uchungu, karibu nilie. Dukani nikakutana na Bi Lurleen, nikamwambia nawaacha wanenepe. Akasema mdomo wa krapi ni karatasi. "Usivute, kaka Virgil. Mwache aje mwenyewe." Sikumsikia vizuri. Nilikuwa natazama midomo yake.

Ijumaa, 11 Julai

Joto. Nimechomeka fito nne za kuvulia kwenye vishikio vya boti, mota ya betri ikijiendea polepole, nami nikapitiwa na usingizi. Niliota Bi Lurleen anakuja juu ya maji na sahani mbili, maji hayatikisiki. Nikaamka, fito zote zimepinda! Wamejinasa wenyewe, boti inawakokota taratibu. Nikawateka kwa wavu, nusu ningali ndotoni, hata nikasahau kuvuta. Nikalala tena. Wakaja tena. Kufikia alasiri nilikuwa nao thelathini, ndiyo idadi inayoruhusiwa kwa siku. Sababu iko wazi: jana waliuonja mkono wangu, leo wamesalimu amri.

Jumamosi, 12 Julai

Nimeketi naye! Harmon alikula kabichi. Bi Lurleen akauliza nimewezaje. Nikamwonyesha mkono. Akacheka mpaka machozi. Harmon amemwambia alinipita ziwani nikikoroma. Sikujali, maana Bi Lurleen alikuwa ameushika mkono wenyewe. Jumatatu anataka twende wote kuvua. "Wewe ukilala, kaka Virgil, ni mvuvi hodari kuliko wote kaunti hii. Basi njoo ulale tu, nitakuwa nakutazama."

Nilale? Mbele ya mwanamke kama yule? Lazima anione nikivuta! Nimekwisha nunua ufito wa kuvulia kambare wakubwa na mshipi mnene. Jioni hii nimefanya mazoezi, ndoana kwenye mlango wa stoo. Nikavuta mara moja tu. Mlango umeng'oka.

Yuko tayari huyu Virgil.