Byabato Achagua Chuo

Jumatatu, 3 Agosti 1970, Ijumbi
Likizo. Jumatano ya wiki ijayo afisa elimu anakuja kutoka Bukoba kutuuliza sisi wa kidato cha nne kila mmoja anataka chuo gani. Ukishatamka, hubadilishi tena. Binamu yangu Rutashobya ameshatangaza utabibu baada ya misa, na tayari akina mama wanamwita daktari. Tata, baba yangu, kaniuliza mimi napenda nini. Swali gumu. Nikajibu utabibu, na kwamba nitamtangulia Rutashobya. Tata akaendelea kukata majani makavu ya migomba.

Jumanne, 4 Agosti
Nimekwenda zahanati ya misheni kujitolea, ili Sista Klaudia anisifie kwa afisa. Akanipa beseni nimshikie akisafisha mguu wa mzee mmoja aliyejikata na panga. Nilipozinduka nilikuwa nimelazwa kwenye benchi, na mzee yule ananipepea.

Nikiwa bado kwenye benchi, niliwaeleza kwa Kihaya akina mama waliokuwa kwenye foleni kwa nini maji yachemshwe. Nikasema vidudu vya kwenye maji hufanya kazi kimyakimya kama pombe ya rubisi inavyochacha mtungini, huoni kitu mpaka tumbo likuambie. Walicheka. Mmoja akamweleza upya mwenzake aliyechelewa, bila kukosea. Sista akasema pengine Mungu amenipa mdomo, si mikono. Nimeondoka nimenuna.

Alhamisi, 6 Agosti
Utabibu basi. Ufundi. Nimefungua baiskeli ya Tata yote, nikaifunga tena. Vyuma kadhaa vilibaki. Nikaona ni vya ziada.

Tata aliondoka nayo kwenda chama cha ushirika. Karudi kwa miguu, baiskeli begani. Hakunipiga. Kasema kuanzia kesho nitamsindikiza bibi yangu Kokuberwa kwenye darasa la watu wazima, kwa kuwa hakuna tena baiskeli ya kumpakia.

Ijumaa, 7 Agosti
Jioni imepotea bure. Mwalimu wa kisomo anaumwa homa, na wazee wameniamuru nisimame mbele mpaka apone. Darasa liko kwenye ghala la kahawa. Bibi anachanganya b na d tangu Pasaka. Nikamwambia maandishi yanatembea kwenda kulia: b ni mama mjamzito, tumbo liko mbele, d ni mama aliyebeba mtoto mgongoni.

Akainuka, akaja mbele. Kisha akachukua chaki, akaandika jina lake lote ubaoni, polepole. Akaligusa kwa kidole.

“Huyu ni mimi?” akauliza.

Nikasema ni wewe, Bibi. Akakataa ubao kufutwa. Ikabidi tuendelee pembeni mwa ubao, palipobaki padogo. Sikupata nafasi hata kidogo ya kufikiria chuo.

Jumatano, 12 Agosti
Siku yenyewe, kwenye ghala la kahawa. Nilikuwa nimeamua kilimo, maana mabwana shamba hupanda Landrova. Rutashobya alitangulia, akasema utabibu, afisa akaitikia kwa kichwa tu.

Zamu yangu ilipofika, Bibi akaingia na darasa zima, wamevaa nguo za kanisani. Akamwambia afisa, Bwana Karugendo, kwa heshima ya Kihaya, “Waitu, huyu ndiye mwalimu wetu.” Akaenda ubaoni akaandika jina lake. Wenzake wakafuata, mmoja mmoja. Bwana Karugendo akavua miwani, akaifuta, akaniuliza kama ni kweli.

Nikafungua mdomo kusema kilimo. Lakini akina mama walikuwa wanapiga makofi, na Rutashobya hakupigiwa hata moja.

Nikasema ualimu.

Alhamisi, 13 Agosti
Tata amecheka leo, mara ya kwanza tangu ile baiskeli. Amechinja jogoo, na ndizi za ebitoke zimeliwa mpaka na majirani. Kila mtu anasema nimezaliwa mwalimu. Mimi nasema ni akili ya kuchagua.

Limebaki jambo dogo: Bwana Karugendo anataka kujua nitapenda kufundisha somo gani. Tata na Bibi wote wawili wanasema Kiswahili, kwa kuwa sinyamazi. Nimechagua hesabu. Sijawahi kuifaulu, lakini mwalimu wa hesabu shuleni kwetu amepewa nyumba ya bati. Hesabu zenyewe nitazijua nikifika.